Hugh Trowell

Hubert Carey Trowell (1904 – 1989), aliyejulikana zaidi kwa jina la Hugh Trowell, alikuwa daktari Mwingereza aliyefanya kazi Kenya na Uganda kwa takriban miaka thelathini, kisha akawa kasisi wa Kanisa Anglikana nchini kwao. Anakumbukwa kwa mambo mawili: uchunguzi wake wa unyafuzi (unaoitwa pia kwashakoo), yaani utapiamlo mkali unaowapata watoto wadogo wanapoachishwa ziwa, na mchango wake katika kufafanua nyuzinyuzi za chakula ni nini na zina kazi gani tumboni.

Kwa nje kazi hizo mbili hazifanani. Ya kwanza inamhusu mtoto anayelishwa uji mtupu, na ya pili inamhusu mtu mzima aliyeshiba mkate mweupe na sukari. Swali lake lilikuwa lilelile kwa wote wawili: chakula kinapobadilika ghafla, kitu gani hutokea ndani ya tumbo? Majibu aliyoyatoa hayakuwa sahihi yote. Moja lilikuwa kosa lililodumu kwa miaka kadhaa wakati watoto wanakufa wodini mwake, naye alilikiri kwa maandishi.

Maisha ya awali

Trowell alisomea udaktari katika Hospitali ya St Thomas, London. Alimwoa Margaret Sifton, msanii aliyesoma katika shule ya sanaa ya Slade, na mwaka 1929 wakasafiri pamoja kwenda Kenya, ambako Trowell aliajiriwa katika idara ya tiba ya serikali ya kikoloni.

Madaktari wa serikali wa wakati huo walikuwa wachache na walifundishwa kutazama malaria, tauni, safura, kaswende na magonjwa mengine ya kuambukiza. Lishe haikuwa somo kubwa. Mtoto aliyeletwa akiwa amevimba miguu aliandikiwa kuwa na minyoo, au kaswende ya kuzaliwa nayo, akapewa dawa na kurudishwa nyumbani. Wengi hawakupona.

Watoto waliovimba

Ugonjwa alioanza kuuona Kenya mwanzoni mwa miaka ya 1930 ulikuwa na sura yake. Mtoto alikuwa na umri wa kati ya mwaka mmoja na mitatu, na kwa kawaida alikuwa ameacha ziwa karibuni. Miguu ilivimba, na ukiibonyeza kwa kidole shimo lilibaki. Uso ulijaa maji, hata jamaa wakadhani mtoto amenenepa. Nywele zilipoteza weusi wake na kung'oka kwa urahisi. Ngozi ilipata mabaka meusi yaliyobanduka kama rangi iliyokauka ukutani. Zaidi ya yote mtoto alikuwa mnyonge: hataki kucheza, hataki kula, analia kwa sauti ndogo akiguswa.

Upande wa pili wa bara, katika Gold Coast (leo Ghana), daktari Cicely Williams aliandika kuhusu watoto wa namna hiyo mwaka 1933, na mwaka 1935 akaupa ugonjwa jina ulilokuwa nalo tayari katika lugha ya Waga wa Accra, ambalo ndilo asili ya neno kwashakoo. Waga walilitumia kwa ugonjwa unaompata mtoto mkubwa pale mdogo wake anapozaliwa. Williams aliona kwamba watoto hao walilishwa uji wa mahindi na karibu si kitu kingine, na akashuku kuna upungufu wa aina ya protini.

Maoni hayo yalipingwa. Hugh Stannus, daktari aliyekuwa na uzoefu wa Nyasaland na aliyeheshimiwa kwa ujuzi wake wa pelagra, alishikilia kwamba Williams hakugundua ugonjwa mpya. Pelagra husababishwa na ukosefu wa vitamini iitwayo niasini, huwapata watu wanaoishi kwa mahindi, na huharibu ngozi. Trowell aliufuata upande wa Stannus. Makala yake ya mwaka 1937 iliuita ugonjwa huo pelagra ya watoto wa Kiafrika, na mwaka 1940 bado alikuwa akiandika kuhusu pelagra ya watoto wachanga.

Mulago

Mwaka 1935 Trowell alihamia Uganda, akafanya kazi katika Hospitali ya Mulago mjini Kampala na kufundisha wanafunzi wa udaktari wa Makerere. Mulago ilikuwa mahali pa kipekee kwa Afrika Mashariki, kwa sababu vijana kutoka Uganda, Kenya, Tanganyika na Zanzibar walikuja kusoma hapo, wakarudi makwao kuendesha hospitali za wilaya. Mtu aliyetibiwa Tanganyika na daktari Mwafrika katika miaka ya 1940 au 1950 aghalabu alitibiwa na mtu aliyepitia wodi hizo.

Kama ugonjwa ulikuwa pelagra, niasini ingewaponya. Haikuwaponya. Trowell alijaribu vitamini na hamira, na watoto waliendelea kufa. Jambo lingine nalo halikukaa sawa: katika Buganda chakula kikuu ni matoke, ndizi za kupika, wala si mahindi, na bado ugonjwa ulikuwa uleule. Nadharia ya mahindi ilikosa mahindi.

Kubadili msimamo kulichukua muda. Mwaka 1945 Trowell aliandika pamoja na Eria Muwazi, daktari wa Uganda aliyefanya naye kazi Mulago, taarifa iliyoachana na pelagra na kuuita ugonjwa utapiamlo hatari. Ni vizuri kulitaja jina la Muwazi hapa, maana habari nyingi za ugonjwa huu husimuliwa kana kwamba Waingereza walikuwa peke yao wodini. Waliozungumza na akina mama kwa lugha yao, na kujua mtoto amekula nini jana na juzi, walikuwa madaktari na wauguzi wa Uganda.

Chumba cha maiti kilitoa ushahidi ambao wodi haikuwa nao. Mwanapatholojia J. N. P. Davies aliona kwamba watoto waliokufa walikuwa na ini lililojaa mafuta, na kongosho iliyosinyaa katika sehemu zinazotengeneza vimeng'enya vya chakula. Ugunduzi huo ulikuwa wa maana. Mtoto alikuwa amekosa chakula bora, na kisha mwili wake ukapoteza uwezo wa kukimeng'enya hata akikipata. Ndiyo sababu wengi waliharisha walipopewa chakula kizito kwa haraka, na ndiyo sababu matibabu yalihitaji kuanza kidogo kidogo.

Maziwa kuwa dawa

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia mashirika mapya ya Umoja wa Mataifa yaliutazama ugonjwa huu kama tatizo la bara zima. John Brock wa Cape Town na Marcel Autret wa Shirika la Chakula na Kilimo walizunguka nchi kadhaa za Afrika mwaka 1950, na ripoti yao ya mwaka 1952 ikatilia mkazo ukosefu wa protini. Huko Mulago, R. F. A. Dean, aliyekuwa amechunguza lishe ya watoto nchini Ujerumani baada ya vita, aliongoza kitengo cha utafiti wa utapiamlo wa watoto. Matibabu yakawa maziwa ya unga yaliyotolewa mafuta, yakitolewa kwa kipimo, na vifo vikapungua sana kuliko zamani.

Mwaka 1954 Trowell, Davies na Dean walitoa kitabu kikubwa kuhusu unyafuzi, kikikusanya historia, dalili, patholojia na tiba. Kilitumika duniani kote na kilichapwa upya mwaka 1982. Ndani yake Trowell alieleza jinsi yeye na wenzake walivyokosea kwa kuuita ugonjwa pelagra. Madaktari hukosea kila siku, lakini wachache huandika kosa lao ndani ya kitabu ambacho wanafunzi watakisoma.

Maziwa hayo yalileta matatizo yake. Akina mama walioona mtoto akipona kwa maziwa ya unga hospitalini walielewa, kwa haki kabisa, kwamba maziwa ya unga ni dawa. Chupa zikaingia majumbani ambako maji safi, kuni za kuchemshia na fedha za kununua unga wa kutosha vilikuwa haba. Maziwa yaliyozimuliwa kupita kiasi na chupa chafu vilileta kuhara na ukondefu kwa watoto ambao wangekuwa salama ziwani. Jambo hili lilichangia mabadiliko ya baadaye pale Mulago, ambapo mwaka 1965 kilianzishwa kituo cha Mwanamugimu, jina la Kiganda lenye maana ya mtoto mwenye afya. Huko mama alikaa na mtoto wake na kujifunza kumponya kwa chakula cha nyumbani: matoke, maharage, karanga, samaki na mboga vilivyopikwa pamoja kwa mvuke ndani ya jani la mgomba, chakula kinachoitwa kitobero. Mama alirudi kijijini akijua kwamba hakuna sindano iliyotumika.

Obwosi na kubemenda

Waganda walikuwa na jina lao la hali hii, obwosi, na maelezo yao. Mama akipata mimba nyingine wakati mtoto bado ananyonya, mimba humdhuru yule wa ziwani, hivyo aachishwe upesi. Msomaji wa Kiswahili atatambua fikra hiyo mara moja. Tanzania husemwa kwamba mtoto amebemendwa, na lawama huangukia wazazi waliokutana kimwili au kupata mimba kabla ya wakati.

Madaktari wa kikoloni walizoea kuyaita mambo haya ushirikina. Ukiyatazama kwa makini, jina la Waga, obwosi na kubemenda vyote vimeona jambo moja lililo kweli: hatari huanza mtoto anaponyang'anywa ziwa kwa sababu mwingine yuko njiani. Kilichokosewa ni sababu. Mimba haiharibu maziwa ya mama. Mtoto hudhurika kwa kuachishwa ghafla na kuwekewa mbele bakuli la wanga mtupu. Lawama nayo ina gharama yake, maana mama anayeona aibu huchelewa kumpeleka mtoto hospitali.

Magonjwa yasiyokuwepo

Trowell alikuwa na tabia ambayo si ya madaktari wengi, ya kuandika kile asichokiona. Katika miaka yake yote Kenya na Uganda aliona wagonjwa Waafrika wachache mno wenye kidole tumbo, bawasiri, mawe ya nyongo, saratani ya utumbo mpana, kisukari cha watu wanene au kuziba kwa mishipa ya moyo. Magonjwa hayo yalijaza hospitali za London alikosomea. Mwaka 1956 aliandika, pamoja na daktari mwenzake Singh, taarifa kuhusu mgonjwa mmoja tu wa Kiafrika mwenye ugonjwa wa mishipa ya moyo, katika jarida la tiba la Afrika Mashariki. Leo hospitali yoyote ya rufaa kutoka Mwanza hadi Mombasa huwaona wagonjwa kama huyo kila wiki, na hakuna anayewaandikia makala.

Alikusanya maoni yake katika kitabu cha mwaka 1960 kuhusu magonjwa yasiyo ya kuambukiza barani Afrika. Hakikuuzwa sana. Wasomaji wengi wa tiba ya nchi za joto walitaka kusoma habari za vimelea.

Margaret Trowell

Mkewe anajulikana Afrika Mashariki pengine kuliko yeye. Mwaka 1937 Margaret alianza kufundisha sanaa kwenye baraza ya nyumba yao, na darasa hilo likakua kuwa shule ya sanaa ya Makerere, ambayo baadaye ilibeba jina lake. Miongoni mwa waliopita hapo ni Watanzania Sam Ntiro, mchoraji aliyekuja kuwa balozi wa Tanganyika huru mjini London, na Elimo Njau, pamoja na mchongaji Gregory Maloba kutoka Kenya. Margaret alitunza pia makumbusho ya Uganda. Alifariki mwaka 1985.

Ukasisi na nyuzinyuzi

Mwishoni mwa miaka ya 1950 Trowell alistaafu utumishi wa Uganda, akarudi Uingereza na kuwekwa wakfu kuwa kasisi. Alihudumu katika parokia ya Stratford-sub-Castle karibu na mji wa Salisbury na kuwahudumia wagonjwa hospitalini. Aliandika pia kuhusu mjadala wa kuharakisha kifo cha mgonjwa asiyepona, katika kitabu cha mwaka 1973.

Angeweza kuishia hapo. Lakini Denis Burkitt, daktari wa upasuaji aliyefanya naye kazi Mulago na aliyepata umaarufu kwa saratani ya taya ya watoto iliyobeba jina lake, alikuwa ameanza kuuliza kwa nini watu wa vijijini Afrika hawaugui magonjwa ya utumbo ya Wazungu. Trowell alikuwa na jibu la nusu kwenye daftari zake za miaka thelathini. Akiwa na umri wa karibu miaka 70 akarudi kwenye utafiti.

Neno nyuzinyuzi za chakula lilikuwa limetumiwa na Eben Hipsley wa Australia mwaka 1953, bila kuzua mjadala mkubwa. Mwaka 1972 Trowell alilipa maana iliyoshika: mabaki ya chembe za mimea ambayo vimeng'enya vya binadamu haviwezi kuyavunja. Mwaka 1976 akaipanua ili kuingiza pia vitu kama gundi za mimea. Ufafanuzi huo ulionekana wa kitaalamu tu, lakini uliligeuza takataka kuwa kitu cha kuchunguza. Kabla yake kilichopita tumboni bila kumeng'enywa kilihesabiwa kuwa hasara, na viwanda vya unga vilijisifu kwa kukiondoa.

Mwaka 1974 alichunguza vifo vya kisukari Uingereza na Wales na kuona kwamba vilipungua katika miaka ambayo serikali, kwa sababu ya vita, iliwalazimisha watu kula mkate wa unga usiokobolewa sana. Wapo waliosema sukari na mafuta vilipungua wakati huohuo, hivyo huwezi kuupa unga sifa yote. Hoja hiyo ni ya haki. Pamoja na Burkitt alihariri kitabu cha mwaka 1975 kuhusu wanga uliokobolewa na magonjwa, na kingine cha mwaka 1981 kuhusu magonjwa ya nchi za Magharibi. Elizabeth Bray aliandika maisha yake katika kitabu kilichotoka mwaka 1988, mwaka mmoja kabla ya Trowell kufariki.

Baada yake: bakteria wa utumbo

Nadharia ya protini, iliyoshinda enzi za Trowell, ilitikiswa akiwa bado hai. C. Gopalan wa India alionyesha mwaka 1968 kwamba watoto wenye unyafuzi na wale waliokonda walikuwa wamekula vyakula vya aina moja. Donald McLaren, aliyewahi kufanya kazi Tanganyika, aliandika mwaka 1974 shambulio kali dhidi ya mashirika yaliyotumia fedha nyingi kutafuta protini huku watoto wakikosa chakula kwa jumla. Swali likabaki: watoto wawili wanakula sufuria moja, kwa nini mmoja anavimba na mwenzake hapana?

Sehemu ya jibu ilitoka Malawi mwaka 2013. Watafiti waliwafuatilia jozi 317 za mapacha katika miaka yao mitatu ya kwanza, wakitafuta jozi ambamo pacha mmoja alipata unyafuzi na mwingine akabaki mzima. Bakteria wa utumbo wa watoto hao hawakulingana. Walipochukua bakteria wa mtoto mgonjwa na kuwapandikiza kwa panya waliokuzwa bila bakteria wowote, kisha kuwalisha chakula kama cha Malawi, panya hao walikonda sana. Waliopandikizwa bakteria wa pacha mzima hawakukonda hivyo. Chakula hafifu peke yake hakikutosha, na bakteria peke yao hawakutosha. Mwaka huohuo utafiti mwingine wa Malawi ulionyesha kwamba kuongeza dawa za kuua bakteria kwenye matibabu ya utapiamlo mkali kulipunguza vifo.

Habari za bakteria wa watoto wachanga ni za zamani kuliko Trowell mwenyewe. Theodor Escherich aliwaeleza bakteria wa kinyesi cha watoto huko München mwaka 1885, na Henri Tissier wa Paris aligundua muda mfupi baadaye bakteria wanaotawala tumbo la mtoto anayenyonya, ambao leo huitwa bifidobakteria. Maziwa ya mama yana sukari tata ambazo mtoto hawezi kuzimeng'enya hata kidogo. Zipo kwa ajili ya bakteria hao. Mtoto anapoanza kula uji, maharage na matunda, bakteria wengine wanaokula nyuzinyuzi huingia na kuongezeka, wakitoa asidi fupi za mafuta zinazolisha kuta za utumbo na kutuliza kinga ya mwili. Kwa hiyo mtoto wa unyafuzi na nyuzinyuzi za uzeeni, ambavyo kwa Trowell vilikuwa vitabu viwili, vimekutana katika utumbo mmoja.

Mzio wa chakula haumo sana katika maandishi yake, lakini umekuja kuwa mfano wa magonjwa ya aina aliyoyazungumzia. Mwaka 1989, ule aliofariki, David Strachan wa London alipendekeza kwamba watoto wa familia ndogo na safi hupata mzio zaidi kwa sababu hukutana na maambukizi machache. Kwa muda wazazi wa Marekani na Uingereza wenye watoto walio hatarini walishauriwa kuchelewesha karanga, mayai na samaki. Ushauri wa Marekani wa mwaka 2000 ulitaka karanga zingoje hadi miaka mitatu, na mwaka 2008 ukaondolewa kwa kukosa ushahidi. Kisha mwaka 2015 Gideon Lack na wenzake London walitoa matokeo ya watoto 640 wenye hatari kubwa, walioanza kati ya miezi 4 na 11. Waliolishwa karanga mara kwa mara hadi umri wa miaka mitano walipata mzio wa karanga kwa kiwango cha chini kwa takriban asilimia 80 kuliko walionyimwa. Karanga hizohizo, zikisagwa pamoja na maziwa, mafuta na sukari, ndizo chakula tiba cha pakiti kinachotolewa leo kwa watoto wenye utapiamlo mkali kote Afrika.

Mwambao wa Ziwa Tanganyika

Utafiti wa Trowell ulikuwa wa Kenya na Uganda, lakini mahali pa kuona maana yake ni pengi. Katika Kigoma na Ujiji muhogo ni chakula kikuu, na unga wake una wanga mwingi na protini kidogo mno. Uji wa muhogo mtupu kwa mtoto aliyeachishwa ziwa ni mlo uleule uliomsumbua Trowell Mulago, kwa jina lingine. Wakati huohuo ziwa liko hatua chache. Dagaa huvuliwa usiku kwa taa na kuanikwa Kibirizi na kwenye fukwe nyingine, migebuka huuzwa sokoni, maharage hushuka kutoka Kasulu na Kibondo, na mawese mekundu yana kiini cha vitamini A. Dagaa waliooshwa na kusagwa kuwa unga laini huchanganyika na uji bila kumkwama mtoto kooni. Walioanikwa juu ya vichanja ni bora kwa kazi hiyo kuliko walioanikwa mchangani, kwa sababu ambayo kila aliyekula dagaa wa mchangani anaijua.

Shirika la Afya Duniani linashauri mtoto anyonye maziwa ya mama pekee kwa miezi sita ya kwanza, kisha aanze vyakula vya nyongeza vya aina mbalimbali, vikiwemo samaki, mayai na nyama, huku akiendelea kunyonya hadi miaka miwili au zaidi. Majaribio ya London ya kuanza karanga mapema yalifanywa kwa watoto waliokwisha kuonyesha dalili za hatari ya mzio, na hayakubadili ushauri huo wa miezi sita. Mtoto aliyewahi kuvimba midomo, kutapika au kupumua kwa shida baada ya kula chakula fulani huonwa na daktari kabla ya kupewa tena.

Kituo cha Mwanamugimu bado kipo Mulago.